Atuganile Mwangomale, Aliyeacha Masjala Akavuka Songwe na Chungu (1966–2025)

Mchungaji, wazee wetu, wafiwa wenzangu, majirani wa Ngana, Ndandalo na Ipyana, na ninyi wageni wetu mliovuka mto jana: mugonile.

Mimi ni Lugano, mtoto wa mwisho wa Mzee Zebedayo, kaka wa marehemu. Naona wazee mnaangaliana: wasifu wa mtu mzima unasomwaje na huyu wa juzi? Naomba nijitetee mapema. Maagizo aliyatoa Shangazi mwenyewe, mwezi wa nane, kwa voisi noti kwenye grupu la ukoo. Alisema: "Wasifu wangu asome Lugano. Ninyi wengine mtanifanya malaika, halafu watu watajiuliza wamekuja msiba wa nani." Grupu zima likasikiliza, tiki za bluu zikajaa. Baba ndiye alijibu kesho yake: "Acha mambo ya kufa. Dawa umemeza?" Kwa hiyo mkisikia jambo la kuchekesha hapa, chekeni, mna kibali cha mwenye msiba. Nitajitahidi pia kulia pale panapostahili.

Atuganile Asajile Mwangomale alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa kijijini Ngana, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Mzee Asajile Mwangomale na hayati Bibi Anyosisye. Mvua za Machi za Kyela mnazijua. Mwaka ule Songwe ulifurika mpaka mkunga akaletwa kwa mtumbwi akipita katikati ya mpunga. Maji yalipopungua, mto ukawa umehama. Kipande cha shamba la Babu kikabaki upande wa pili, Malawi, na mpunga wake ukiwa bado umesimama. Bibi Anyosisye alikuwa akimwambia Shangazi kila wakikosana: "Wewe umezaliwa wiki ambayo shamba letu lilihamia nje ya nchi. Nisishangae."

Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu. Alisoma Shule ya Msingi Ngana kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Wenzake waliosoma naye, wengine mko hapa, mnakumbuka kwamba akiwa darasa la tano alipangiwa zamu ya kumpikia mwalimu ugali. Mwalimu akaletewa ndizi. Akauliza, "Atuganile, ugali uko wapi?" Akajibiwa, "Mwalimu, ugali ulikula jana." Alichapwa, lakini ndizi zililiwa zikaisha, na wiki iliyofuata mwalimu akaomba zamu ile irudiwe. Alimaliza kidato cha nne Tukuyu mwaka 1984, kisha akachukua kozi ya utunzaji wa kumbukumbu Mbeya.

Tarehe 1 Julai 1988 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kyela. Kwa vijana wenzangu ambao faili mnalijua la kwenye simu tu: masjala ni chumba ambacho mafaili ya watu wote hukaa, na karani ndiye anajua lipi liko rafu ipi. Shangazi alikaa chumba kile miaka ishirini na mmoja na ushee. Alikuwa anakupa faili bila kuangalia, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Faili la kwake mwenyewe ndilo lilikuwa halitoki. Barua ya kumpandisha cheo iliingia humo mwaka 1999 ikatulia. Alisema kila Ijumaa alikuwa analitoa, analifuta vumbi, analiambia "pole," analirudisha.

Tarehe 5 Oktoba 1991 alifunga ndoa na marehemu Hezroni Mwaijande, dereva wa lori la mpunga, mtu mpole ambaye alikuwa anapiga honi akifika njia panda ili mke wake aweke maji ya kuoga. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, dada yetu Kisa, mwaka 1993. Hezroni alifariki kwa malaria mwaka 2002. Kwa miaka mingi baada ya hapo, lori likipiga honi njia panda, Shangazi alikuwa anageukia jikoni kidogo, halafu anaendelea na alichokuwa anakisema.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi mmekuja mkitaka kusikia kama nitalisema. Nitalisema.

Agosti 2009 kwaya ya kina mama ilialikwa kwenye mkutano wa injili Nkhata Bay, upande wa Malawi. Siku ya kurudi basi likaharibika, wakalala kanisani kwenye mikeka. Asubuhi Shangazi akatoka nje kutafuta maji ya kunawa, akasimama ufukweni hadi wenzake wakadhani kapotea. Huku kwetu, mnajua, jua linachelewa. Linapanda kwanza milima ya Livingstone, linapumzika, ndipo linatufikia. Kule lilikuwa linatoka ziwani moja kwa moja. Shangazi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, amekaa na ziwa hili hili la Nyasa maisha yake yote, na hajawahi kuliona likifanya vile.

Aliporudi alimwambia Baba: "Kaka, kule jua linatoka majini."

Baba akamwambia: "Basi linatoka limelowa. Likauke, wewe nenda kazini."

Alienda kazini. Alienda mpaka Januari, kisha akaandika barua ya kuacha kazi, akaigonga muhuri mwenyewe, akalifungua faili lake mwenyewe na kuiweka humo. Alituambia baadaye kwamba hiyo ndiyo barua pekee iliyojibiwa ndani ya wiki.

Jumapili ya tarehe 24 Januari 2010 kikaitishwa kikao cha ukoo nyumbani kwetu. Mama yangu Felista alikuwepo, na kumbukumbu ya mama yangu haijai kama ya simu yangu. Anasema Shangazi aliingia na kusema bila hata kukaa: "Nimeacha kazi. Nahamia Nkhata Bay. Nitafungua hoteli ya chakula."

Kikao kikalipuka.

"Umeacha kazi ya serikali?"

"Nimeiacha."

"Mjane, una mtoto kidato cha nne, umeacha kazi ya serikali?"

"Kisa amekubali. Atabaki na Felista amalize shule."

Hapo ndipo Baba akasimama. Baba, samahani, niliambiwa nisome yote. Akasema: "Watu wanaacha kazi wakienda Marekani. Wanaenda Ujerumani. Wanapanda ndege, tunawaaga kwa machozi na picha. Wewe unaenda Malawi? Malawi hii tunayoendea kununua sukari?"

Mjomba mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ndiye ameshika spika, akadakia: "Hata begi usihangaike, dada. Rambo linatosha."

Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka. Kisha Baba akasema neno ambalo halikuwa la kuchekesha, ingawa nalo walilicheka: "Sawa, nenda. Ila ukifia huko kwa watu usiowajua, nani atakulilia? Tutakuja watu wanne na toroli kukuchukua."

Mama anasema Shangazi alifunga kitenge chake vizuri, akawashukuru wote, "ndaga fijo," akatoka nje kumsaidia Bibi kuchambua mchele.

Aliondoka tarehe 6 Februari 2010. Mizigo yake ilikuwa sanduku moja, nusu gunia la mchele, na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Kikisi ambacho mama yangu alimnunulia mnadani Matema. Chungu alikipakata mapajani kama mtoto. Mpakani Kasumulu afisa akamuuliza, "Mama, humo ndani kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu." Afisa akainama akachungulia, akakuta kweli hakuna kitu. "Sasa unakwenda nacho wapi?" Akamwambia, "Nakwenda kukijaza."

Wageni wetu, hii sehemu mnaijua kuliko sisi, mtanirekebisha jikoni.

Alipanga banda karibu na stendi ya Nkhata Bay, akaamka mapema, akapika mbalaga. Kwa wasiotoka kwetu, mbalaga ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama mpaka zikalainika, na mtu wa Kyela akinyimwa kwa wiki mbili anaanza kugombana na watoto. Alipika chungu kizima. Watu wa kule wanakula sima ya muhogo. Ndizi kwao ni kitu cha kumenya unatembea. Mteja wa kwanza akatazama sahani, akamwangalia Shangazi kwa huruma, akasema, "Mama, umeziwahi. Ungesubiri siku tatu zingeiva." Wa pili akauliza kama kuna sima. Wa tatu akauliza hilo hilo. Ndiyo makosa ya sisi watu wa Kyela: hatuamini kwamba kuna binadamu duniani ambaye hajui ndizi inapikwa.

Aliyekula siku ile ni mmoja tu, Bwana Lameck Mphande, seremala wa mitumbwi. Alikula sahani nzima kimya kimya, akaongezewa, akala tena. Shangazi akampigia Mama simu jioni: "Felista, nimepata mteja anayejua chakula!" Miaka mitatu baadaye, wakiwa tayari wachumba, Bwana Lameck ndipo akaungama kwamba alidhani ni dawa ya tumbo na aliona aibu kuuliza.

"Na ulirudi kesho yake kwa nini?" Shangazi akamuuliza.

"Tumbo lilikuwa limepona," akasema.

Shangazi hakukata tamaa na ndizi, ila alibadilisha mbinu. Akawa anapika wali, maharage na dagaa wa usipa wa kukaanga, vitu ambavyo hakuna wa kubishana navyo, na pembeni ya kila sahani anaweka vipande viwili vya ndizi ambavyo hakuviomba mtu. Ukiviacha, havidai. Ukivila, kesho unavikuta vitatu. Kufikia Krismasi ya mwaka ule watu walikuwa wanashuka kwenye basi wanauliza "ndizi za Mama Kisa" kabla ya kuuliza choo. Jambo pekee lililomshinda ni mchele. Kule mchele wetu unaonukia wanauita Kilombero. Mtu wa Kyela, anapika mchele wa Kyela, mteja anakula anajilamba anasema, "Mama, hii Kilombero yako ni tamu." Alibishana na wateja miaka kumi na mitano. Alinitumia voisi noti ya dakika sita kuhusu suala hilo peke yake. Ninayo, atakayeitaka nitamtumia.

Lakini nikiwaambia habari za wali na ndizi tu nitakuwa sijaeleza kwa nini leo hakuna mahali pa kukaa.

Oktoba 2010, hajamaliza hata mwaka, alisikia kuna mvuvi kutoka pwani ya kwetu huku, kijana wa Ikombe aitwaye Raphaeli, amefariki pale mjini kwa homa. Hakuwa na ndugu pale. Shangazi akaenda kuzika, kwa sababu ni mtu wa kwao. Akakuta mchungaji, mchimba kaburi, na Bwana Lameck aliyekuwa ametengeneza jeneza. Yeye akawa wa nne. Na kando ya kaburi, aliniambia, kulikuwa na toroli la kubebea udongo.

Hili aliniambia mimi, Krismasi moja tukichoma mahindi, wakati Baba yuko ndani. Alisema: "Lugano, ile ya toroli baba yako anaicheka. Mimi sichekagi. Nilihesabu mara mbili siku ile. Wanne."

Tangu siku ile hakukosa msiba. Ukisikia mtu amefariki Nkhata Bay, mwenyeji au mpita njia, tajiri au asiye na hata shati la kuzikiwa, Mama Kisa alikuwa anafunga hoteli, anajaza kile chungu, anakibeba kichwani, anakwenda. Alikuwa anapika, analia, anaosha vyombo, anarudi. Aliimba nyimbo za maombolezo za kwao kwa lafudhi ya Kinyakyusa mpaka wafiwa wakawa wanatabasamu kwenye machozi. Wasichana waliofanya kazi hotelini kwake aliwaweka sharti: kupika tutafundishana, lakini msibani tunakwenda wote. Wasichana wale wengine leo ni mama wenye hoteli zao, Mzuzu, Salima na kwingine. Nimewaona jana. Wamevaa vitenge sawa, na wamejibebea mwiko kila mmoja na wake kana kwamba Kyela hakuna miti.

Tarehe 28 Septemba 2013 alifunga ndoa na Bwana Lameck katika kanisa lililo juu ya bandari ya Nkhata Bay. Bwana harusi aliletewa ndizi badala ya keki na akala bila kuuliza. Kutoka Ngana walikwenda Mama yangu, Kisa, na basi dogo la majirani. Baba hakwenda. Alisema mgongo unauma.

Mgongo wa Baba uliuma miaka kumi na mitano. Shangazi alikuwa anakuja kila Krismasi, amebeba usipa mkavu, vitenge na maneno. Walikuwa wanakaa barazani na Baba wanataniana hadi majirani wanasogeza viti. Walipendana hao, asije mtu akasema vingine. Ila kila mwaka siku ya kuondoka Shangazi alikuwa anauliza jambo lile lile: "Kaka, mwaka huu unakuja kwangu?" Na Baba anajibu lile lile: "Nitakuja. Na toroli." Baba alikuwa akifika Kasumulu, ananunua sukari yake, anaangalia daraja la Songwe, anarudi. Alishaapa mbele ya kikao na hakuona mlango wa kutokea.

Afya ya Shangazi ilianza kuyumba mwaka 2023. Alikutwa na presha. Daktari akamwambia apunguze chumvi, naye akapunguza, kwenye sahani za wateja wote. Wakaandamana, akairudisha. Juni 2025 alipata kiharusi, akalazwa Mzuzu, akatoka akitembea kwa fimbo ambayo Bwana Lameck aliichonga kwa mti wa mtumbwi. Mkono wa kulia ulilegea, lakini kidole gumba kilibaki na nguvu ya kutuma voisi noti, na ukoo wote ni shahidi.

Mwezi wa tisa aliwaita Bwana Lameck, Kisa na mchungaji wa kule. Wenzetu wa Nkhata Bay walikuwa wameshaamua kimoyomoyo kwamba Mama Kisa ni wa kwao na kaburi ni la kwao, na nani angewalaumu. Yeye akasema: "Nirudisheni Ngana."

Kisa akamuuliza, "Mama, si unapapenda huku?"

"Huku ndiyo kwangu. Nimefurahi kila siku niliyoamka huku, hata ile ya kwanza walipozikataa ndizi. Lakini nirudisheni Ngana. Nataka kaka yangu avuke daraja."

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, alimwomba Kisa afungue pazia. Jua lilikuwa ndiyo linatoka majini. Kisa anasema aliliangalia lote mpaka likajitenga na maji, akasema "ndaga," na hakusema tena. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Wenye ratiba zilizochapwa, kuanzia hapa msitafute, haimo. Dada wa steshenari alishafunga kazi. Hii nimeiandika leo asubuhi.

Jana Jumapili, tukiwa tumeazima toroli la jirani la kusombea kuni za msiba, Baba alitoka hapa kwenda kumpokea dada yake mpakani. Tulikuwa na pikapu moja, na mbele na nyuma zikatosha nafasi za watu wanne: Baba, mjomba wa spika, dereva na mimi. Tumefika karibu na Kasumulu ndipo Baba akageuka, akatuangalia mmoja mmoja. Akahesabu. Niliona uso wake, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani wowote.

Tukasimama upande wetu wa daraja tukisubiri. Kwanza tukasikia. Mjomba akasema, "Kuna mkutano wa injili huko?" Kisha tukaona. Magari yalikuwa yamekwama upande wa pili kwenye ukaguzi, mabasi na malori nyuma ya gari lililombeba Shangazi, siwezi kuwaambia mangapi, kona ilinizuia. Na wale wanawake walikuwa wamechoka kusubiri magari. Walishuka. Wakaja kwa miguu, wamejaza daraja ukingo kwa ukingo, beseni za unga wa muhogo kichwani, kuni kichwani, wanaimba. Waliimba wimbo wa maombolezo wa kwao kwa lafudhi ya Kinyakyusa. Walikuwa wameushika vile alivyouimba yeye.

Baba akavua kofia. Akaanza kutembea.

Afisa akamwita, "Mzee! Mzee, kitambulisho!"

Baba hakugeuka. Akasema, "Nakwenda kumpokea mdogo wangu."

Yule afisa, Mungu ambariki popote alipo, akasogea pembeni. Baba akavuka. Alifika katikati, akapita katikati, akaenda mpaka upande wa pili, akaweka mkono juu ya lile gari, akasimama hapo. Sitasema aliyoyasema, hayakuwa yangu.

Ninachoweza kusema ni jinsi alivyorudi. Mama mmoja mnene, nimemwona, amekaa pale, habari yako mama, alikuwa amechoka na beseni lake. Hakujua huyu ni nani. Akamwambia, "Mzee, nisaidie." Na Mzee Zebedayo Mwangomale, mwenyekiti wa ukoo, mtu ambaye hata mwavuli anabebewa, akavuka daraja la Songwe kurudi nyumbani amejitwika beseni la unga wa muhogo kichwani, unga unamwagika mabegani, analia kama mtoto na hafuti. Picha ipo kwenye grupu. Naomba sana isigeuzwe stika.

Alipofika kwenye pikapu alinishika bega. Akasema: "Lugano, piga simu nyumbani. Waambie toroli halitoshi. Waambie waongeze mchele."

Mchele uliongezwa. Asubuhi hii mama zetu wa Ngana wamekwenda jikoni wakakuta jiko limeshatekwa. Wageni wamewasha moto, wamemenya ndizi, mbalaga inachemka kwenye chungu kile kile cha Matema, kimerudi kimeungua mpaka kimekuwa cheusi. Mama yangu akaonja. Akaonja tena. Akauliza, "Mwe bandu, nani amewafundisha?" Wakajibu wote kwa pamoja, na jibu mnalijua. Aliyeitwa kuonja baada ya hapo ni Baba, naye amesema chumvi imezidi kidogo, kama kawaida yake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Lameck Mphande, ambaye mpaka leo hatujui kama anazipenda ndizi kweli au bado anaona aibu. Ameacha mtoto mmoja, Kisa, anayeendesha hoteli, na wajukuu wawili. Ameacha kaka yake, Mzee Zebedayo, na wifi yake Felista. Ameacha watoto wa kaka, wadogo kwa wakubwa, mimi nikiwa ndiye anayempenda zaidi na nipo tayari kubishana. Ameacha wasichana wake wote wenye miiko yao, wafiwa wa Nkhata Bay ambao aliwapikia walipofiwa na leo wametupikia, na wateja ambao kwa uchungu mkubwa natangaza kwamba bado wanauita mchele wetu Kilombero. Ameacha kaburi la kijana Raphaeli wa Ikombe, ambalo alilifagia kila Jumamosi, na Kisa amesema atalifagia.

Bwana alitupa binti akamwacha atembee, kisha akamrudisha akiwa amejaza chungu. Jina lake lihimidiwe.

Lala vizuri, Shangazi. Kaka yako amevuka. Watu ni wengi, jua linakausha nguo walizofua, na toroli la jirani tumeshalirudisha kwa mwenyewe. Halikuhitajika.